Rosa Parks hakuwa bibi aliyechoka: namna ya kuwasomea watoto habari za Montgomery

#1 Kabati la Vitabu

Wakuu, habari za leo. Uzi huu ni wa wazazi na walimu wanaotaka kuwasomea watoto habari za Rosa Parks, Martin Luther King, Ruby Bridges na wenzao, wale waliopambana na ubaguzi Marekani bila kushika silaha. Vitabu vya picha vipo vingi, karibu vyote kwa Kiingereza, na kasoro yake kubwa ni kwamba vinaficha kazi. Mama amechoka, anakataa kuinuka kwenye kiti, mchungaji anatoa hotuba nzuri, sheria inabadilika. Mtoto akikifunga kitabu anajua kwamba watu wema hushinda. Hajui watu walifikaje kazini Jumatatu asubuhi wakati mabasi wameyasusia.

Kwa hiyo kabla ya kununua au kuazima, kipime kitabu. Montgomery, Alabama, mji ambao weusi waligoma kupanda mabasi kwa zaidi ya mwaka baada ya Rosa Parks kukamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti, ndiyo kipimo kizuri kwa sababu kila mwandishi anaigusa na makosa yake yanajulikana.

Rosa Parks alikaa wapi? Kikisema alikaa kwenye viti vya wazungu, kirudishe rafuni. Basi lilikuwa na viti 36: kumi vya mbele vya wazungu, kumi vya nyuma vya weusi, na 16 vya katikati ambavyo mtu mweusi aliruhusiwa kukalia mpaka mzungu akose nafasi. Yeye alikuwa safu ya kwanza ya hivyo vya katikati. Dereva aliwataka watu wanne wa safu ile wainuke ili mzungu mmoja apate kukaa, maana mweusi hakutakiwa hata kuwa safu moja naye. Watatu waliinuka. Mtoto akiielewa hesabu hiyo ya wanne kwa mmoja, ameuelewa ubaguzi kuliko atakavyouelewa kwa kurasa tatu za maelezo.

Alikuwa na umri gani? Miaka 42. Wachoraji wanapenda kumtia mvi.

Alikuwa nani kabla ya Alhamisi ile ya 1 Desemba 1955? Fundi cherehani, ndiyo, lakini pia katibu wa tawi la Montgomery la NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, na kiangazi cha mwaka huohuo alikwenda kwenye mafunzo ya wanaharakati Highlander, Tennessee. Kitabu kisichotaja hata moja kati ya hayo mawili kinamfundisha mtoto kwamba ushujaa ni jambo la ghafla.

Claudette Colvin yumo? Binti wa miaka 15, alikamatwa kwa kosa hilohilo tarehe 2 Machi 1955, miezi tisa kabla.

Na nani walioshinda kesi mahakamani? Iliyoondoa ubaguzi kwenye mabasi ni ya Browder dhidi ya Gayle. Walalamikaji walikuwa wanawake wanne: Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith na Claudette Colvin. Rosa Parks hakuwa miongoni mwao.

Kitabu kikipata matatu kati ya matano, kinatosha. Yaliyobaki utayajaza mwenyewe kwa mdomo unaposoma.

#2 Mwalimu Chaki

Uzi mzuri, mkuu. Niongeze habari ya umri, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Miaka 4 hadi 6: kitabu kimoja, dakika kumi, basi. Mbwa, mabomu na majambazi wa usiku wasiwemo. Swali la kuuliza ni lile la haki: "Huyu amelipa nauli sawa na yule. Kwa nini ainuke?" Mtoto wa umri huu ana mizani kali sana ya haki, mwachie aongee. Usimalizie kwa kumwambia somo ni nini.

Miaka 7 hadi 9: hapa ndipo pa kufundisha hatua. Nani alifanya nini kwanza, nani akafuata, fedha zilitoka wapi. Kitabu kilekile kisome mara tatu kwa siku tofauti. Mara ya kwanza soma bila kusimama. Mara ya pili simama kila ukurasa na uulize "nani mwingine yupo hapa ambaye hatajwi?" Mara ya tatu mtoto ndiye akusimulie wewe kwa kufuata picha, na hapo utajua ameelewa nini.

Miaka 10 hadi 13: wape nyaraka na mabishano. Kwa nini viongozi hawakuifanya kesi ya Claudette Colvin kuwa bendera yao? Alikuwa mdogo, alionekana mkali, na baadaye mwaka huohuo akapata mimba bila ndoa. Watoto wa umri huu hukasirika wakisikia hivyo, na hasira ile ndiyo somo lenyewe: harakati za haki nazo huendeshwa na watu wanaopiga hesabu ya nani ataaminiwa na mahakama na magazeti.

Kosa la kawaida ni kumpa mtoto wa miaka sita kitabu cha miaka kumi kwa sababu "anasoma vizuri". Kusoma maneno na kubeba yaliyomo ni vitu viwili.

#3 mchora_ramani

Angalieni na picha za kupigwa kwa kamera, wakuu. Kuna mbili zinazotumika vibaya karibu kila mahali.

Ile ya Rosa Parks ameshika kibao chenye namba 7053 watu huiweka kama picha ya siku aliyokamatwa kwenye basi. Siyo. Ilipigwa Februari 1956, pale yeye na viongozi wengine kadhaa waliposhtakiwa kwa kuendesha mgomo. Na ile aliyokaa dirishani akitazama nje huku mzungu yuko kiti cha nyuma yake ni ya tarehe 21 Desemba 1956, siku mabasi yalipoanza kukaliwa na wote. Ilipangwa kwa ajili ya wapiga picha, na yule mwanamume alikuwa mwandishi wa habari.

Mtoto wa miaka tisa anaweza kupewa picha hizo mbili akaambiwa azipange kwenye mstari wa matukio. Ni zoezi la dakika kumi na tano, na atajifunza kwamba picha nayo huulizwa maswali.

Kitu kingine kizuri kuliko picha zote hizo: Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani inao mchoro wa viti vya basi lile, uliotumika mahakamani, unaoonyesha alipokaa Rosa Parks. Upo mtandaoni bure. Uchape kwenye A4, mpe mtoto penseli tatu za rangi, apake sehemu ya wazungu, ya weusi, na ya katikati.

#4 Mama Wawili

Asanteni sana. Swali langu: mtoto wa miaka minane akiuliza "kwa nini hawakumpiga tu yule dereva?" ajibiwe nini? Jibu la "kupigana ni vibaya" halimtoshelezi, anasema mbona kwenye hadithi za uhuru watu walipigana.

#5 Kabati la Vitabu

Dada, usijibu kwa maadili, jibu kwa mbinu. Mwulize yeye: wakimpiga dereva, kesho yake inakuwaje? Polisi wa nani? Hakimu wa nani? Gazeti la nani litaandika? Vyote vilikuwa mikononi mwa wazungu, na vurugu yoyote ingewapa sababu waliyokuwa wakiitafuta. Kisha mwulize: weusi walikuwa na nini ambacho kampuni ya basi ilikitaka? Nauli. Karibu robo tatu ya abiria wa Montgomery walikuwa weusi. Wakibaki chini, basi linakwenda tupu, na hakuna sheria inayomlazimisha mtu kupanda basi.

Na mweleze wazi kwamba njia hii ilijifunzwa. King alikuwa na miaka 26 mgomo ulipoanza. Nyumba yake ilipolipuliwa kwa bomu tarehe 30 Januari 1956, watu walikusanyika nje wakiwa na hasira, wengine na silaha, akawatuliza barazani. Lakini siku zile nyumbani kwake mlikuwa na bunduki na walinzi. Waliomsaidia kuifikiria njia ya Gandhi hadi mwisho ni watu kama Bayard Rustin aliyefika Montgomery Februari 1956. Vitabu vya watoto humchora King kama aliyezaliwa na upole wake, na mtoto mwenye hasira za kawaida anajiona hafai kabisa.

#6 Hesabu za Mtaani

Mimi nipo upande wa hesabu. Mgomo huu ni dhahabu kwa mwalimu wa Darasa la Tatu hadi la Sita.

Siku. Ulianza Jumatatu 5 Desemba 1955, ukafungwa rasmi 20 Desemba 1956. Vitabu vinasema siku 381. Waambie watoto wahesabu wenyewe. Nusu ya darasa watapata 380 kwa sababu wamesahau kwamba 1956 ni mwaka mrefu, Februari ilikuwa na siku 29. Wachache watapata 382 kwa sababu wamehesabu siku ya kwanza na ya mwisho pia. Usiwakemee, wape nafasi wabishane: kutoka 5 Desemba hadi 4 Desemba mwaka unaofuata ni 366, kisha kutoka 5 hadi 19 Desemba ni 15.

Fedha. Nauli ilikuwa senti 10. Chukua nauli 30,000 zilizopotea kwa siku: ni dola 3,000 kila siku ambazo kampuni haikuzipata. Zidisha kwa wiki moja, kisha kwa mwezi. Hapo mtoto anaona kwa nini kampuni ilichoka kabla ya watembea kwa miguu.

Usafiri. Hapa kaeni sana, maana ndipo penye akili ya mgomo wenyewe. Mwanzoni madereva weusi wa teksi walibeba watu kwa senti 10, sawa na basi. Jiji likawakumbusha sheria kwamba nauli ya chini ya teksi ni senti 45. Ikabidi upatikane mpango wa lifti wa magari ya watu binafsi, takriban 300, wenye vituo 48 vya kupandia asubuhi na 42 vya kuchukulia watu jioni. Wazo halikuanguka kutoka mbinguni: Baton Rouge, Louisiana waligoma mabasi Juni 1953 kwa lifti za namna hiyo, na King alimpigia simu mchungaji T.J. Jemison wa huko kumwuliza walifanyaje.

Zoezi: mpe mtoto ramani ya mtaa wenu, magari 6, watu 40, kazi zinaanza saa mbili asubuhi. Kila gari lina nafasi 5 ukimtoa dereva. Safari ngapi? Nani aondoke saa kumi na mbili? Magari 6 mara 5 ni watu 30, kwa hiyo kumi wanabaki, na ama magari mawili yarudi au watu kumi watembee. Watoto wengi wanasema "watembee vijana". Waulize kama vijana wamekubali.

#7 Mkereketwa

Wakuu samahani nitakuwa mkali kidogo. Kwanza, habari hizi za kutopigana hazifundishi watoto kuvumilia kila kitu? Akionewa shuleni atakaa kimya akidhani ni Rosa Parks. Pili, kwa nini Marekani? Mashujaa wetu wameisha?

#8 Kabati la Vitabu

Mkuu, hoja ya kwanza ni ya msingi na ndiyo maana vitabu vinavyoficha kazi vinadhuru. Kuvumilia ni kuinuka dereva anapokwambia inuka. Wao walikataa, wakakamatwa, wakatozwa faini, wakafukuzwa kazi. Walivunja sheria makusudi na wakakubali kuadhibiwa hadharani ili sheria yenyewe iaibike. Mtoto anayeonewa shuleni afundishwe hivyohivyo kwa kipimo chake: sema hapana kwa sauti, usirudishe ngumi, tafuta shahidi, andika siku na saa, peleka kwa mtu mzima ukiwa na mwenzako. Hata mafunzo ya wanafunzi wa Nashville, Tennessee, ya kupinga ubaguzi bila kupigana, mwaka 1959 na 1960 yaliyoongozwa na James Lawson yalikuwa na kanuni ya kumripoti kiongozi kila tukio zito.

La pili: hakuna aliyesema mashujaa wetu waachwe, na kamba inayotuunganisha ni fupi kuliko tunavyodhani. Thurgood Marshall, wakili aliyeshinda kesi ya ubaguzi shuleni mwaka 1954, alikuwa London mwanzoni mwa 1960 kwenye mkutano wa Lancaster House wa katiba ya Kenya akiwashauri wajumbe Waafrika, na aliwaandikia rasimu ya haki za msingi. Wiki zilezile, tarehe 1 Februari 1960, wanafunzi wanne weusi waliketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth, Greensboro, wakakataa kuondoka bila kuhudumiwa. Desemba 1963, mwezi Kenya ilipopata uhuru, Oginga Odinga alifika Atlanta. Vijana wa SNCC, chama cha wanafunzi waliopinga ubaguzi bila kupigana, wakaenda kumwamkia hotelini, walipotoka wakaingia mgahawa wa jirani wakataka kahawa, wakanyimwa, wakaketi, wakakamatwa. Wakamtungia wimbo.

Na Wangari Maathai. Alikwenda kusoma Kansas mwaka 1960. Vitabu vya watoto vinampenda kwa miti tu, miti na tabasamu. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park kwa kuandika barua baada ya barua, serikalini na kwa wafadhili wa nje. Tarehe 28 Februari 1992 alikaa na akina mama wa wafungwa wa kisiasa kwenye kona ya bustani hiyo wakigoma kula. Siku chache baadaye polisi waliwatawanya kwa marungu na mabomu ya machozi, wakahamia Kanisa Kuu la All Saints, wakakaa karibu mwaka mzima mpaka wafungwa wakaachiwa 1993. Ukisoma habari hii sambamba na Montgomery, mtoto wa miaka kumi ataona mwenyewe: mahali pa kukaa, muda mrefu, kanisa la kukimbilia, serikali inayoaibika.

#9 Mkereketwa

Hiyo ya Odinga sikuijua. Haya, endeleeni.

#10 Jukwaa Dogo

Niongelee maigizo, maana ndiyo yanayoharibika zaidi darasani.

Usimpe mtoto yeyote nafasi ya mzungu mbaguzi. Mara zote wawili watatu wataifurahia, watatukana kuliko ulivyowaandikia, na aliyetukanwa atabeba maneno hayo mpaka uwanjani. Kuna mwalimu wa Iowa, Jane Elliott, aliyeligawa darasa la tatu kwa rangi ya macho siku moja baada ya King kuuawa, Aprili 1968. Zoezi lile ni maarufu na wengi wanajaribu kuliiga. Msiliige. Watoto waliumia kweli, na huna namna ya kuwatibu baada ya kengele.

Igizo linalofaa ni lile walilofanya wenyewe Montgomery. Kabla ya kurudi kwenye mabasi walipanga viti kanisani kama ndani ya basi wakafanya mazoezi ya namna ya kukaa karibu na mtu asiyewataka. Waligawiwa pia karatasi ya ushauri: usijigambe kwamba mmeshinda, omba radhi unapoketi kando ya mtu, ukitukanwa usitukane, siku za kwanza panda na mwenzako unayemwamini kwamba hatapandwa na hasira.

Darasani: viti 16, safu nne za vinne, njia katikati. Mtu anayetukana awe kiti kitupu, na maneno yake ayasome mwalimu kutoka kwenye kadi kwa sauti ya kawaida, bila matusi ya rangi. "Ondoka hapa" inatosha. Kila mtoto anaketi, anasikia, anaamua, anasema alichoamua. Dakika 15 za igizo, dakika 15 za kuzungumza, na neno moja la kusimamisha kila kitu ambalo mtoto yeyote anaweza kulisema. Wakianza kucheka, maana yake wana woga, simamisha, waketi chini, ongeeni.

Lililo bora zaidi kwa miaka tisa kwenda juu ni igizo la mkutano. Gawa kadi za matatizo ya kweli kwa vikundi vya watoto wanne:

– Teksi zimekatazwa kutoza senti 10.
– Polisi wanawaandikia madereva wa lifti makosa yasiyo na kichwa wala miguu.
– Kampuni za bima zimefuta bima za magari ya makanisa.
– Mahakama imetoa amri ya kuzuia mpango mzima wa lifti.

Kila kikundi dakika saba, kisha unawaambia kilichofanyika. Bima ilipatikana Lloyd's ya London, kupitia wakala mweusi wa Atlanta. Amri ya kuzuia lifti ilitoka 13 Novemba 1956, siku ileile Mahakama Kuu ya Marekani iliposema ubaguzi ule ni kinyume cha Katiba. Lakini hati ya hukumu ilichelewa kufika Montgomery, kwa hiyo wiki tano za mwisho watu walitembea au kusaidiana jirani kwa jirani. Watoto huguna hapo.

#11 Mama Wawili

Na zile za Birmingham, Alabama na Ruby Bridges? Naogopa zile za mbwa wa polisi.

#12 Mwalimu Chaki

Ruby Bridges anafaa kuanzia miaka sita, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na miaka sita tarehe 14 Novemba 1960 alipoingia shule ya William Frantz, New Orleans, akisindikizwa na maofisa wa serikali kuu. Mwongeze mtoto mambo mawili ambayo vitabu vinayapita haraka. Kwanza, siku hiyohiyo wasichana wengine watatu weusi waliingia shule nyingine ya jiji hilo. Pili, baba yake Ruby alifukuzwa kazi. Mtoto ajue kwamba ujasiri wa mtoto mmoja ulilipiwa na nyumba nzima. Na mwalimu wake, Barbara Henry, alimfundisha peke yake mwaka mzima kwa sababu wazazi wazungu waliwaondoa watoto wao darasani. Hapo mwulize mtoto: ungecheza na nani mapumziko?

Birmingham, Mei 1963, nisingeigusa kabla ya miaka tisa. Watoto walitoka kanisani kwa makundi kuanzia tarehe 2, wakakamatwa kwa mamia, na kesho yake wakafunguliwa mabomba ya zimamoto na mbwa. Mdogo anayejulikana zaidi, Audrey Faye Hendricks, alikuwa na miaka tisa na alikaa kizuizini wiki nzima.

#13 mchora_ramani

Hapo tunatofautiana, Mwalimu. Mtoto wa miaka tisa wa leo ameona mabaya zaidi kwenye simu. Picha ya mbwa ndiyo iliyoigeuza dunia, ukiificha umemwambia nusu.

#14 Mwalimu Chaki

Sijasema ifichwe, nimesema miaka tisa. Na hata hapo ioneshe mwisho, baada ya kueleza maandalizi: kwamba watoto walifanyiwa mafunzo, kwamba watu wazima walibishana kama ni halali kuwatumia watoto, kwamba wako waliosema hapana. Picha ikitangulia, mtoto hasikii tena kitu kingine. Na Septemba 15 mwaka huohuo kanisa lile lililipuliwa wakafa wasichana wanne. Ukianza Birmingham, jiandae kufika huko, kwa sababu mtoto atauliza "kisha?"

#15 Karatasi Nne

Kwa wasio na vitabu hivi, au wanaotaka kwa Kiswahili, tengenezeni chenu. Mwaka 1957 shirika la Fellowship of Reconciliation lilitoa kitabu cha katuni cha kurasa 16, bei senti 10, kikieleza Montgomery na hatua za kupambana bila nguvu. John Lewis, aliyekuja kuwa kiongozi wa SNCC, alikisoma akiwa kijana, na uzeeni akatoa vitabu vyake vya katuni, March. Kwa hiyo kurasa 16 zinatosha.

Karatasi A4 nne, zikunjwe katikati kwa pamoja. Mpangilio wa kurasa ndio unaowachanganya watu. Kanuni: kurasa mbili zilizo upande mmoja wa karatasi zikijumlishwa lazima zitoe 17. Karatasi ya kwanza, nje 16 na 1, ndani 2 na 15. Ya pili, 14 na 3, ndani 4 na 13. Ya tatu, 12 na 5, ndani 6 na 11. Ya nne, 10 na 7, ndani 8 na 9. Kabla ya kuandika chochote kunja karatasi chakavu, tia namba kwa penseli, fungua, unakili.

Kurasa za 8 na 9 ziko kwenye uso mmoja bila mkato. Hapo weka ramani ya vituo vya lifti.

Karatasi ya gramu 80 haivumilii kalamu ya wino mzito, inavujia upande wa pili. Tumia penseli za rangi, au nunua ya gramu 120. Stepla ya kawaida haifiki katikati ya A4, kwa hiyo shona: matundu matatu kwenye mkunjo, sentimita 5, 10.5 na 16 kutoka juu. Ingiza sindano tundu la kati kutokea ndani, toka nje, ingia la juu, ruka hadi la chini, toka, rudi ndani kupitia la kati, funga fundo uzi mrefu ukiwa katikati ya ncha mbili. Usipouweka katikati mshono unalegea na karatasi ya ndani inachomoka.

Maneno 25 hadi 40 kwa ukurasa, tendo moja kwa ukurasa. Na watu wa kati wawemo. Ukurasa mmoja wa Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo aliyekesha na mashine ya kurudufia usiku wa kuamkia Ijumaa akichapa makumi ya maelfu ya vipeperushi, vitatu kwa kila karatasi kisha vinakatwa. Ukurasa mmoja wa Georgia Gilmore, mpishi aliyeuza keki na kuku wa kukaanga na kupeleka fedha kwenye mgomo. Kundi lake lilijiita Klabu ya Kutoka Popote Pasipojulikana, ili mtu akiuliza fedha zimetoka wapi, jibu liwe la kweli na asitajwe mtu. Watoto wanamkumbuka Gilmore kuliko King, nadhani ni kwa sababu ya kuku.

#16 Hesabu za Mtaani

Picha za kitabu cha mtu usizinakili, mkuu, zina wenyewe. Matukio na tarehe hazina mwenyewe, andika kwa maneno yako, watoto wachore. Kama unataka tayari, tovuti ya African Storybook ina hadithi za bure zenye leseni huria, na ya Wangari Maathai ipo kwa Kiswahili.

#17 Mama Wawili

Nimeanza kupanga kurasa. Ya 15 nimeweka 21 Desemba, wote wanapanda basi. Ya 16 niandike nini? Mtoto atataka kujua kama wakaishi raha mustarehe.

#18 Kabati la Vitabu

Usimdanganye. Siku chache baadaye mabasi yalipigwa risasi usiku na mwanamke mjamzito akajeruhiwa miguuni, safari za jioni zikasimamishwa kwa muda. Tarehe 10 Januari 1957 makanisa manne yalilipuliwa. Rosa Parks alikuwa amepoteza kazi yake dukani, na 1957 familia ikahamia Detroit. Kwa mtoto wa miaka minane andika mbili tu: kwamba wengine hawakupenda na walifanya mabaya, na kwamba mabasi hayakurudishwa kama zamani. Detroit iweke kwa penseli kwenye ramani ya jalada la nyuma ili aulize mwenyewe. Chini yake acha mistari mitano mitupu ya maswali yake, na usome maswali hayo kabla ya kuchagua kitabu kinachofuata.